Kioo Kisichopitisha Mwanga

Mdogo wangu aliniletea kazi ile saa sita mchana, saa ambayo mikono yangu huwa imekwisha kuchoka na macho yanatafuta kivuli. Mimi ni fundi wa vioo hapa Baraka. Nakata vioo vya madirisha, vya kabati, vya fremu za picha za harusi, na vioo vya kujitazamia. Niliingia kazi hii nikiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya kuacha shule darasa la tano. Ndio mwaka baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mvua hazijarudi. Tulibaki wanne: mimi, halafu huyu msichana, halafu wavulana wawili.

Alisimama mbele ya meza yangu na katoni iliyofungwa kwa kitenge. Aliibeba kama mtu anayebeba mtoto wa jirani.

"Yaya, usikasirike," alisema. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Mi nina nguvu ya kukasirika saa hizi? Fungua."

Ndani mlikuwa na bomba la kioo lenye urefu wa mkono wangu. Kila upande lilizibwa na kioo cha mviringo, kidogo kama kifuniko cha chupa ya maji. Upande mmoja kilikuwa kizima. Upande wa pili kilikuwa kimepasuka vipande vitatu, na kimoja kilikuwa kimeanguka ndani ya bomba.

"Upepo ulifunga mulango wa labo kwa nguvu," alisema. "Meza ikatikisika, bomba ikaviringika. Mi niko nayiona inakwenda, mikono haifiki."

Wakati huo alikuwa mwaka wake wa mwisho kwenye chuo, anasoma kemia. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa kupima jinsi gesi za oksidi za nitrojeni zinavyomeza mwanga wa urujuanimno, yaani ule mwanga wa jua unaochoma ngozi lakini jicho haliuoni. Siku ya kutetea kazi hiyo mbele ya walimu ilikuwa imebaki wiki saba. Asiyetetea siku hiyo husubiri mwaka mwingine. Na nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mwingine anayesubiri: mdogo wetu, wa tatu kuzaliwa, alikuwa na diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, tangu miaka miwili iliyopita, anakaa nayo kwenye bahasha. Nyumba yetu inaweza kubeba mmoja tu wa chuo kwa wakati mmoja. Dada yake akichelewa, naye anachelewa. Hakuwahi kulalamika, lakini nilikuwa namwona anavyofagia uwanja asubuhi. Alifagia kama anayetaka kuchimba.

Basi bomba lile lilikuwa limebeba watu wawili.

Nilimwuliza linafanya nini. Akavuta kigoda, akanieleza polepole, bila maneno makubwa. Unaweka taa ndogo upande huu wa bomba. Upande ule unaweka kitu kama jicho, kinachopokea mwanga na kutoa namba kwenye mita ya umeme. Kwanza unapima bomba likiwa tupu, unaandika namba. Halafu unaingiza gesi, unapima tena. Namba ikishuka, ujue gesi imekula mwanga. Ukijua umeweka gesi kiasi gani na mwanga umepungua kiasi gani, siku nyingine unaweza kupima hewa usiyoijua, na mwanga wenyewe ukakuambia gesi iliyomo.

"Na hiyo gesi ni ya wapi?" niliuliza.

"Unaijua. Ile moshi ya kahawia, kwa banunuzi ya dhahabu, wakimwaga asidi."

Niliijua. Kila mtu wa Fizi, eneo letu, anaijua. Wanunuzi husafisha dhahabu kwa asidi katika vyumba vidogo vya nyuma, na moshi hupanda, rangi yake kama kutu. Baba alifanya kazi hiyo miaka sita. Alikohoa miaka minne kati ya hiyo sita. Sisemi moshi ndio uliomuua. Hakuna aliyepima.

"Ikiwa nyingi, macho inaiona," dada aliendelea. "Ikiwa kidogo, macho hayaoni kitu, mutu anasema hewa ni safi, kumbe anavuta. Ile mwanga ya urujuanimno njo inaweza kuiona."

Nikamwambia aache bomba, arudi jioni.

Kukata mviringo mdogo ni kazi inayokataa haraka. Kioo hupenda kupasuka kwa mstari ulionyooka. Ukikilazimisha kupinda, kinakuadhibu. Niliharibu viwili. Cha tatu kilikubali. Nilikisugua ukingo kwa jiwe na maji mpaka kidole kikapita bila kukwama, nikakiosha, nikakiinua kwenye jua. Kilikuwa safi kama hakuna kitu. Nikakibandika kwa gundi ya silikoni, nikakiacha kikauke chini ya kikombe.

Nakiri nilifurahi. Miaka yote dada alisoma vitu ambavyo mimi nilivisikia tu kama mvua ya mbali. Nilibeba mchanga, nilikata vioo, nilisimama kwenye foleni ya kujiandikisha kwa niaba yake akiwa na malaria, lakini daftari zake sikuzifungua. Siku ile kwa mara ya kwanza masomo yake yalihitaji kitu ninachokijua. Aliporudi, aligeuza bomba huku na huku.

"Haionekane kama ilivunjika."

"Kioo ni kioo," nikasema.

Kazi ya kupima ilihitaji watu wawili: mmoja abadilishe taa, mwingine asome mita na kuandika. Mwenzake aliyepangiwa naye alikuwa ameitwa kwao Minembwe kwa msiba, na njia ilimchelewesha. Basi nikawa nafunga kibanda saa tisa, naenda chuo, nakaa kwenye kigoda cha labo, yaani maabara, na kalamu mkononi. Taa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa karibu na mwanga wa kawaida, ukiitazama kwa pembeni unaona zambarau hafifu. Ya pili na ya tatu hazionyeshi kitu, lakini zinaharibu macho, kwa hiyo tulivaa miwani ya giza niliyoazima kwa jirani yangu anayechoma vyuma. Mlinzi wa chuo alituchungulia dirishani.

"Muko mafundi ya kuchoma milango sasa?"

"Tunachoma mwanga," dada akajibu.

"Haya. Musichome nyumba."

Namba za bomba tupu alikuwa amekwisha kuzipima kabla halijavunjika, ziliandikwa vizuri kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo tulianza moja kwa moja na gesi. Aliitengeneza nje, chini ya paa la bati, kwa vipande vya shaba na asidi, akaiingiza bombani kidogo kidogo. Taa ya kwanza: namba ilishuka kiasi. Ya pili: namba ilianguka karibu na sifuri. Ya tatu: sifuri kabisa.

Dada aliruka. "Yaya, inakula yote! Soma tena!"

"Sifuri."

"Tena!"

"Sifuri, mama. Unataka niiimbe?"

Tuliendelea hivyo karibu wiki mbili. Kila siku nilitoka kazini nikaenda kwenye kazi. Nilikuwa nasoma namba na usingizi unanivuta kichwa kama mbuzi anayevutwa sokoni. Dada aliandika, akachora mistari kwenye karatasi za vyumba vidogo vidogo. Lakini siku za mwisho niliona anatafuna kalamu. Alipunguza gesi nusu, namba ikabaki sifuri. Akapunguza tena. Sifuri. Alisema labda gesi hii ina njaa kuliko vitabu vinavyosema.

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi. Tulikuwa tumemaliza, amefungua mirija miwili ya kuingizia na kutolea gesi, amepuliza hewa safi kwa pampu ya baiskeli mpaka rangi yote ikaisha. Alikuwa anaosha vyombo nje. Mimi nilibaki na mita mbele yangu. Taa ya tatu alikuwa hajaizima. Nikatazama namba kwa uvivu tu, kama mtu anayetazama saa bila kutaka kujua ni saa ngapi.

Nikamwita.

"Bomba iko na kitu ndani?"

"Hapana, nimetoa yote."

"Sasa juu ya nini inasema sifuri?"

Aliingia na mikono inayodondosha maji. Akatazama. Akazima taa, akaiwasha. Sifuri. Akapuliza tena hewa, muda mrefu, mpaka pampu ikalia. Sifuri. Kisha akatoa taa, akaiweka moja kwa moja mbele ya lile jicho bila bomba, na namba ikapanda juu kabisa. Akachukua kipande cha kioo kilichobaki nilipokata, kilichokuwa kwenye mfuko wangu wa kazi, akakiweka katikati.

Sifuri.

Nilikichukua kutoka mkononi mwake. Nilikiinua dirishani, nikaona kupitia kwake mwembe wa mlinzi, baiskeli, bati la jikoni. Nikakirudisha mbele ya taa. Sifuri. Miaka kumi na tano nimeuza kitu hiki nikiwaambia watu kinapitisha mwanga.

Dada alikaa sakafuni.

"Nilijua," alisema. "Mwaka wa kwanza tulisoma. Kioo ya dirisha inameza urujuanimno. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kwatzi, ile jiwe inayoipitisha. Nilijua, yaya."

"Sasa juu ya nini hukuniambia? Juu ya nini hukupima bomba tupu tena?"

Alijifuta mikono kwenye nguo.

"Ulikuwa umeitengeneza wewe."

Nilimwelewa. Tangu tulipobaki wanne, mimi ndiye niliyegawa kila kitu: bugali, sabuni, sehemu ya kulalia. Kulikuwa na sheria moja ambayo sikumbuki kuitamka: mkubwa akishagawa, hakuna anayetazama sahani ya mwenzake. Bila sheria hiyo tungelikula kwa macho na kulala na njaa. Watoto waliizoea mpaka ikawa ngozi yao. Kupima upya kitu kilichotoka mkononi mwangu, kwao lilikuwa tusi. Sheria iliyotulisha ndiyo iliyoharibu wiki mbili zake.

Tulitembea kurudi nyumbani. Karibu na soko nikasema nililolisema, na sitalificha.

"Peleka hivyo hivyo. Umeandika, umechora. Nani atajua?"

Alisimama barabarani, pikipiki zikimpigia honi.

"Yaya, namba zangu zinasema gesi kidogo inakula mwanga yote. Sasa mutu akienda nazo kwa banunuzi ya dhahabu, apime chumba, aone mwanga imepungua kidogo tu. Atasema nini? Atasema gesi hakuna. Batu banavuta, na karatasi yangu inawaambia bavute tu."

"Mi nimechoka," nikasema.

"Najua."

"Sijasema hapana. Nimesema nimechoka."

Kesho yake alimweleza mwalimu wake kila kitu. Nilienda naye. Mwalimu alikuwa mtu mpole mwenye mvi ndevuni, na hasira yake ilikuwa ya kushusha pumzi tu. Alisema kioo kingine cha kwatzi hutoka ng'ambo, na hata kama kingeagizwa siku hiyo, kingefika siku ya kutetea ikiwa imepita. Akasogeza miwani, akacheka bila furaha.

"Na kinachoniuma zaidi, wachimbaji wa dhahabu huku wanavunja kwatzi usiku na mchana. Ni lile jiwe lao jeupe. Tumezungukwa na milima ya kwatzi, na tumekosa kipande cha ukubwa wa kifuniko!"

Alisema kama utani. Mimi nilimwuliza, "Lile jeupe haliangazi. Kuna linaloangaza?"

"Lipo, mara chache. Linatoka kama barafu, lina pande sita. Hilo ndilo safi kabisa."

"Na likikatwa jembamba, likasuguliwa, litapitisha huo mwanga?"

Mwalimu aliacha kucheka. "Kwa hesabu, ndiyo. Lakini nani atasugua kwatzi kwa mkono? Ni gumu kuliko kioo chako."

Siku ya soko nilimtafuta mama mmoja anayetwanga mawe ya dhahabu upande wa juu wa Lubondja. Alikuwa mteja wangu. Nilimkatia kioo cha kabati mwaka uliopita. Nilimkuta ameketi nyuma ya mafungu ya mihogo.

"Mama, yambo. Natafuta jiwe."

"Jiwe! Wee fundi, njoo kwetu nikupe mulima muzima."

"Lile linaloangaza kama maji."

Akawageukia wenzake. "Sikieni huyu! Batu yote banakuja kuniomba dhahabu, yeye anaomba takataka yake."

"Pengine anataka kuoa," mwingine akasema, "hana pete."

"Kwa uso ule wa usingizi? Bibi harusi atamufunika akidhani amekufa."

Walicheka mpaka mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema watoto wake wanayo mawili, wanachezea. Wiki iliyofuata alishuka nayo, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Nikampa kioo cha kujitazamia chenye fremu. Alijitazama muda mrefu, akageuza shavu hili na lile.

"Kumbe nimezeeka hivi na hamukuniambia," akasema, akaondoka.

Jiwe la kwanza lilikuwa na wingu ndani, kama maziwa yaliyomwagika. La pili lilikuwa safi upande mmoja. Fundi wa karo, yaani vigae vya sakafu, aliniazima mashine yake yenye diski ya kukatia karo, akasimama pembeni akimwagia maji wakati nakata. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoka kizima, kinene kama sarafu mbili, kimefifia pande zote kama jicho la mzee. Baada ya hapo ilibaki kusugua.

Sijui nielezeje kusugua kwatzi. Niliweka karatasi ya msasa juu ya kioo kinene, nikamwaga maji, nikazungusha jiwe kwa vidole viwili. Mizunguko mia, unageuza. Mia nyingine, unaosha, unatazama. Hakuna kilichobadilika. Kioo ningekimaliza kwa saa moja. Jiwe hili lilikula msasa na kubaki lilivyo. Wateja walikuja, nikawakatia vioo vyao, nikarudi. Nilisugua asubuhi kabla ya kufungua kibanda na alasiri baada ya kufunga. Ngozi ya vidole ilitoka, nikavifunga kitambaa, nikaendelea. Ukisugua kwa hasira, linapata mikwaruzo na unarudi msasa wa nyuma. Ukisugua kwa usingizi, linainama upande mmoja. Hivyo hata kuchoka nilipaswa kuchoka kwa uangalifu.

Mdogo wetu wa tatu, mwenye bahasha, alikuja siku ya tano akaketi mbele yangu. Ni mtu mzima sasa, ana ndevu.

"Nisaidie?" akauliza.

"Utaliinamisha."

"Basi nifanye nini?"

"Kata vioo vya wateja. Lakini pima mara mbili."

Alikata vizuri kuliko nilivyotegemea. Siku ya saba, mchana, akasema bila kuinua kichwa: "Yaya, hata ikishindikana mwaka huu, mi naweza kungoja."

"Nyamaza, kata."

Siku ya tisa nilifika kwenye msasa laini unaoshika kama ulimi wa paka. Kisha poda nyekundu ya kung'arishia, juu ya kipande cha kitambaa kilicholowa. Hapo ndipo jiwe lilipofunguka, kwanza katikati, halafu likapanuka kuelekea ukingoni. Siku ya kumi na moja nilisoma kupitia kwake maandishi ya mfuko wa saruji. Halikuwa kamili. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja kama unywele, na ukingo mmoja ulikuwa umebaki na ukungu. Nikalipeleka kwa dada.

"Safari hii usiniamini," nikamwambia. "Pima kwanza."

Hakulibandika. Aliliweka katikati ya taa ya tatu na lile jicho, akaniambia nisome. Nilisoma namba. Haikuwa ile ya juu kabisa. Ilikuwa kama theluthi mbili yake.

"Mubaya?" nikauliza.

"Hapana." Alikaa akaandika. "Hapana, inapita. Inapungua sababu ya mikwaruzo, lakini inapungua sawasawa, ikiwa tupu na ikiwa na gesi. Nikigawa moja kwa nyingine, mikwaruzo inajifuta yenyewe. Inabaki gesi peke yake."

Nilimwomba arudie maneno hayo, na akarudia, na bado sikuyashika yote. Lakini nilishika kwamba kazi isiyo kamili inaweza kutoa jibu la kweli, mradi ujue upungufu wake na uupime kabla. Nilitoka nje nikanawa uso.

Alibandika jiwe mahali pa kioo changu; zilibaki siku kumi na sita kabla ya kutetea. Kurasa za wiki mbili za kwanza alizipiga mstari mmoja mwekundu, hakuzichana. Tulipima upya. Kila mara, kabla ya gesi, bomba tupu; baada ya gesi, bomba tupu tena. Namba ya mwisho isiporudi pale ilipoanzia, siku nzima inatupwa. Tulitupa siku tatu. Moja ilitupwa kwa sababu jua lilipiga bati na labo likawa tanuri. Alisema joto likibadilika, gesi hii hujigawa na kuungana tena, na inameza mwanga kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa sisikii vizuri tena kwa uchovu. Nilisoma namba kama mtu anayesoma majina ya wafu kanisani, moja baada ya nyingine, kwa heshima, bila kuelewa.

Siku ya kutetea ukumbi ulijaa. Waliketi walimu watatu mbele, dada akasimama amevaa blauzi nyeupe ya kuazima, bomba mezani. Mimi niliketi nyuma kabisa, kwenye benchi lenye mgongo. Lilikuwa benchi la kwanza lenye mgongo nililolikalia kwa wiki nyingi.

Alianza kwa kueleza kosa lake. Sikujua kama angelifanya hivyo. Aliwaonyesha kurasa zenye mstari mwekundu. Mmoja wa walimu, mwenye sauti nzito, alimkatiza.

"Mademwazeli, kwa hiyo uliziba macho ya chombo chako kwa kioo cha dirisha?"

Watu wakacheka.

"Ndiyo, Profesa. Kwa karibu wiki mbili."

"Na fundi aliyekupa kioo hicho?"

"Fundi alikata kioo vizuri. Mi njo sikupima bomba tupu. Kosa ni langu."

Kicheko kikaisha. Aliendelea na taa, na gesi, na mistari yake mipya. Sauti yake ilikuwa tulivu, chumba kilikuwa na joto, na mimi, nasema ukweli, nililala. Sikuota chochote. Nilichosikia baadaye ni kiwiko cha mlinzi wa chuo ubavuni.

"Fundi! Amka, banakuita."

Nilisimama kabla sijajua niko wapi. Watu wote walikuwa wamenigeukia. Yule profesa wa sauti nzito alikuwa ameshika bomba, anatazama lile dirisha la jiwe kwa jicho moja.

"Wewe ndiye uliyesugua hili?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa mkono?"

"Kwa siku kumi na moja."

"Ulijuaje kwamba limetosha?"

Nilifikiri nijibu kwa ufundi, nimweleze msasa na poda. Lakini nilikuwa nimetoka usingizini, na uongo huhitaji mtu aliye macho.

"Mi sikujua," nikasema. "Yeye ndiye alipima."

Profesa aliitikia kwa kichwa, akarudisha bomba mezani, na akamwomba dada aonyeshe. Aliweka gesi iliyobaki, akasoma namba kwa sauti. Akatoa gesi nje ya dirisha kwa mrija, akapuliza pampu ya baiskeli, dakika nzima, pampu inakoroma. Kisha akasogea pembeni ili walimu wasome mita wenyewe. Namba ilikuwa imerudi.

Walitoka kushauriana, wakarudi. Hawakumpa alama ya juu. Walimpa ile ya kati, kwa sababu ya siku alizopoteza na vipimo vilivyokuwa vichache, lakini walisema namba zinakubalika na kazi imepita. Watu wakapiga makofi, bamama wa mtaani wakapiga vigelegele na kummwagia poda nyeupe ya pongezi kichwani mpaka blauzi ya kuazima ikawa unga mtupu.

Alinifikia mlangoni, kope zake nyeupe.

"Yaya, ni ya kati tu."

"Namba iko ya kweli?"

"Iko ya kweli."

"Basi."

"Ulilala, eh? Nilikuona. Mudomo wazi."

"Nilikuwa nakusikiliza kwa ndani."

"Muongo!"

Alinishika mkono, akaona vidole vyangu, akaacha kucheka. Nilivirudisha mfukoni na kumwambia atembee, jua ni kali.

Jumatatu mdogo wetu wa tatu alitoka nyumbani mapema, amevaa shati lililopigwa pasi, bahasha kwapani, kwenda kujiandikisha. Hakufagia uwanja siku hiyo. Nilimsikia akifungua geti. Nikageukia ukuta, nikalala mpaka saa nne, na kibanda kikabaki kimefungwa.